Mlango Usiofunguliwa na Mtu Mmoja

Nimemwomba mume wangu ruhusa kabla ya kuandika haya. Amesema niandike, ila nisitaje mji wala tawi, na yale mambo mawili matatu aliyonikataza kuyasema yabaki hukohuko yaliko. Kazi yenyewe hanayo tena, ameshastaafu, lakini tabia haijastaafu. Mpaka leo akifunga geti letu hapa Mkuza hulivuta, kisha husimama kidogo, kama anamngoja mtu wa pili aje naye alivute.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, Tabora. Ninayoyajua kuhusu benki kuu nimeyaokota tu, kama mke wa mtumishi aliyeishi miaka mingi kwenye nyumba za watumishi wa tawi la mkoani. Nikikosea mahali, kosa ni la muokotaji.

Nilipofika kule mara ya kwanza nilidhani tawi la benki kuu ni kama benki nyingine, watu wanapanga foleni, wanaweka na kutoa. Sikuona foleni. Wateja wake walikuwa mabenki yenyewe na serikali. Noti zilitoka pale zikiwa mpya, zikaenda kuzunguka mikoa yote ya jirani, zikarudi zimechoka. Nilidhani pia mkurugenzi wa tawi ni kama mtemi wa kwetu wa zamani: akisema imekuwa, imekuwa. Basi paa la nyumba yetu lilipoanza kuvuja, sikuhangaika na mtu mdogo. Nilichukua kikapu cha karanga mbichi nikaenda moja kwa moja kwa mke wa mkurugenzi.

Alinipokea vizuri. Alicheka, lakini si kwa dharau, hilo niseme.

"Mwenzangu, njoo uone," akanishika mkono mpaka chumbani kwake. Kulikuwa na ndoo katikati ya zulia. "Na la kwetu linavuja. Utawala wameandika. Wanasubiri jibu la makao makuu."

"Hata kwa mkurugenzi?"

"Mzee ni mkubwa hapa. Ila ni mkubwa kwa ruhusa."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko darasa lolote. Kuanzia siku ile nikawa naangalia. Niliona tawi lina sehemu zake: kuna wanaoshughulika na mabenki na malipo ya serikali, kuna wanaotunza fedha, kuna utawala, kuna ulinzi, kuna wa uchumi. Kila sehemu ina meneja wake, na kila meneja, kama nilivyoelewa, alikuwa na masikio mawili: moja kwa mkurugenzi kwa shughuli za kila siku, jingine kwa wenzake wa kazi ileile kule makao makuu. Tawi halina bodi yake. Bodi ni moja ya benki nzima, na gavana ndiye mwenyekiti wake. Tawi ni mkono, na mkono hauamui uende wapi. Mume wangu akisoma hapa atasema nimerahisisha, na huenda ni kweli, maana mkurugenzi alikuwa na mengi ya kuamua. Lakini hakuwa na yote.

Yule wa uchumi nilimdhulumu kwa muda mrefu moyoni. Kila nikikutana naye sokoni ananiuliza nyanya nimenunua bei gani, mchele bei gani, mafuta ya taa yamepanda au yako palepale. Nikadhani ni mwanamume bahili anayetaka kumbana mkewe. Kumbe ndiyo kazi yake, kujua mkoa unaishije, apeleke juu. Nikaona haya, nikaanza kumtajia bei kabla hajauliza.

Na alikuwepo mkaguzi wa ndani. Huyu alikaa jengo moja na wengine lakini hakuwa mtu wa mkurugenzi. Alichokiona alikipeleka kwa wakubwa wake mwenyewe. Kantini alikula peke yake. Ramadhani moja nilimwonea huruma nikampelekea futari, uji na tambi. Mume wangu akaniambia kwa upole: "Mpelekee na mkurugenzi, sawasawa na hiyo, au usimpelekee yeyote." Mwezi mzima nikapika uji wa nyumba tatu.

Halafu siku moja mume wangu akaacha kusafiri. Siku za mapumziko hatoki mjini, harusi za ndugu haendi, Idi tunakula wenyewe. Nilimsumbua mpaka akanieleza, mara moja tu, tukiwa tumekaa barazani.

"Nina ufunguo sasa. Wa chumba cha kuhifadhia fedha. Mmoja. Mwingine anao mwenzangu. Wangu bila wake ni chuma tu, na wake bila wangu ni chuma tu."

"Na ukiugua?"

"Kuna wa akiba. Jina lake limeandikwa, limekubaliwa juu. Tunakabidhiana mbele ya watu, tunahakikisha kilichomo, ndipo ninaondoka."

"Na mkurugenzi akisema nenda tu?"

"Hawezi kusema nenda tu. Na akisema, sitakwenda."

Akanikataza kumwambia mtu. Hata mama yake. Mtu akijua nani ana ufunguo, alisema, anajua amteke nani. Nikakubali. Sikujua nimekubali kitu kikubwa kiasi gani.

Maana mama yake alikuwa Marui, huku Kisarawe, na yeye ni mwanawe wa kiume wa pekee. Kila mwaka safari ya nyumbani ilizidi kuwa fupi. Anafika jioni, asubuhi anaaga. Watu wakaanza kusema benki imempandisha kichwa. Walisema mbele yangu, na mimi nikawa natazama miguu yangu.

Tulipojenga hapa Mkuza nilirudi mimi, yeye akabaki kumalizia utumishi. Nilifungua banda la kuku wa mayai, na nilikuwa nakwenda Marui kila nikipata nafasi, kwa sababu mama alikuwa ameanza kulala zaidi kuliko kukaa. Aliyemhudumia hasa alikuwa wifi yangu. Mimi nilikuwa mgeni anayekuja na trei ya mayai na kuondoka. Hilo lazima liandikwe.

Mama mkwe hakuwahi kuniita mkwe. Aliniita Mnyamwezi. Kwake utani wa makabila yetu ulikuwa mbele ya ukwe, na Mzaramo akikutana na mtani wake hajui kunyamaza. Nikimsalimu, "Shikamoo mama," anajibu, "Marahaba, umeiba nini leo?" Nikimletea mayai anauliza kama nimeyataga mwenyewe. Kuna siku, wifi akimkanda miguu, alinitazama muda mrefu akasema, "Huyu nikifa atakuja kukaa mlangoni adai ushuru wa mtani. Mtampa. Msimpe nazi mbovu, atanisema mpaka kwao." Tulicheka wote watatu.

Alfajiri moja wifi alipiga simu. Hakusema mengi. "Mama ametuacha."

Nilimpigia mume wangu, simu ikawa haipatikani, nikajua ameshaingia kule ndani ambako simu haziingii. Nikapiga mapokezi ya tawi. Msichana aliyepokea alinipa pole, akasema anaupeleka ujumbe sasa hivi, na aliupeleka kweli, kwa sababu mume wangu alinipigia nikiwa bado natafuta ushungi.

Alisoma inna lillahi. Kisha akasema, "Wa akiba yuko mafunzoni, makao makuu."

"Sasa?"

"Mkurugenzi ameandika juu, kuomba mtu mwingine akubaliwe kushika badala yangu. Ananihangaikia. Tiketi ya ndege ameshamtuma mtu akaitafute. Jibu likija nakabidhi, natoka." Akapumua. "Nenda Marui. Waombe wanisubiri. Nataka nimweke mwenyewe."

"Wakiuliza kwa nini umechelewa?"

"Usiwaambie kwa nini."

Hapo ndipo siku yangu ilipokatika vipande viwili. Njia nzima, kutoka Mkuza mpaka Kisarawe mjini na kutoka Kisarawe mpaka Marui nikiwa juu ya pikipiki, nilikuwa natunga maneno. Niseme anaumwa? Ni uongo, na uongo wa ugonjwa msibani unarudi. Niseme gari limeharibika? Niseme hajapata ruhusa? Hilo lilikuwa karibu na ukweli, lakini lingemfanya mkurugenzi aonekane katili, na mtu yule alikuwa amesimama akitafuta namna. Nilifika sijatunga kitu.

Wifi alinipokea mlangoni, macho yamemvimba. Tulikumbatiana. Kisha akanisukuma kidogo anione uso.

"Kaka yuko wapi?"

"Anakuja."

"Anakuja kutoka wapi, wifi? Kutoka kwenye simu?"

Nikainama. Ndani wanawake walikuwa wanachemsha maji ya kuoshea.

Mjomba aliniita nje. Alikuwa mdogo wa marehemu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, na neno la mazishi ya dada yake lilikuwa lake. Alikuwa amesimama kando ya marundo ya kuni, kofia mkononi, anaitazama njia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mumeo yuko njiani?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. "Bado hajatoka."

"Hajatoka? Amefungwa?"

"Hapana. Yuko kazini."

"Na mimi niko kazini, korosho zangu zinadondoka hakuna wa kuziokota. Kazi gani hiyo haiachiki mtu akifiwa na mama yake?"

"Hiyo siwezi kuisema, mjomba."

"Huwezi, au huijui?"

"Naijua. Siwezi."

Aliniangalia kama mtu anayepima gunia kwa macho. "Mkubwa wake amemkatalia?"

"Hajamkatalia. Anataka atoke. Lakini mkubwa wake naye ana wakubwa, na wako mbali, na kuna kitu lazima wakikubali kwanza."

"Aa," akasema. "Tawi."

Nikaokota gome la kuni.

"Mimi nilikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi hapa," akasema, na sasa alikuwa haongei na mimi tu, alikuwa anaongea na njia. "Ghala limejaa korosho za watu, bati limeng'oka, mvua inaingia. Wanachama wananililia, mwenyekiti toa magunia. Na mimi mwenyekiti nimesimama nje nalowa nao, siwezi kutoa hata moja mpaka chama kikuu kiseme. Walinitukania mama yangu. Mama ambaye ndiye mama wa huyu aliyelala humo ndani." Akavaa kofia. "Ninaelewa, mkwe wangu. Lakini korosho ilikuwa inaweza kungoja. Huyu hangoji. Joto unaliona. Tunazika baada ya Adhuhuri."

"Nakuomba mpaka Alasiri."

"Baada ya Adhuhuri," akasema, akaenda.

Sikuona ubaya wake. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Nilikaa na wanawake, nikatoka, nikakaa tena. Nilisaidia kumenya mihogo nikakata kidole. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga, na kila nikiigusa naona aibu, kwamba msiba uko mbele yangu na mimi naangalia simu. Jua likiwa limeshapanda sana ujumbe ukaingia: Jibu limekuja. Tunakabidhiana. Baadaye mwingine: Naelekea uwanja wa ndege. Nikampelekea mjomba simu akasoma mwenyewe, ameishika mbali na macho.

"Ndege inatua Dar," akasema. "Kutoka Dar mpaka hapa hatuna uwanja. Lakini nimeona." Akanirudishia. Hakubadilisha kitu.

Adhuhuri ikaswaliwa. Wanaume wakarudi, jeneza likaletwa, wakapanga viatu vyao barazani kuingia kumchukua. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Sikupanga, ninaapa. Nilisikia tu sauti yake mama, ile ya siku ya kukandwa miguu. Nikaketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu hii, miguu kwenye fremu ile.

"Hapatoki mtu hapa," nikasema. "Ushuru wangu uko wapi?"

Nilihisi masikio yanawaka. Mkwe amekaa njiani mbele ya wakwe zake wa kiume, miguu ameinyoosha. Kisha bibi mmoja ndani akacheka, kicheko cha kulia, akasema, "Alisema. Alisema mwenyewe atakuja kudai."

"Wifi," wifi yangu akaita kwa sauti ya chini. "Leo?"

"Leo. Nikingoja kesho mtanilipa nini, mmeshaninyang'anya mtani wangu."

Mwanamume mmoja wa barazani akaupokea utani. "Mnyamwezi, babu zako walipita njia hii na pembe za ndovu vichwani, wamekauka midomo, tukawapa maji. Leo unatudai sisi?"

"Maji mliyowapa yalikuwa ya chumvi. Ndiyo maana nimekuja kudai."

Wakacheka, na kicheko kikanipa nguvu. Wakaleta nazi. Nikaitikisa sikioni, nikasema haina maji, marehemu aliwausia msinipe nazi mbovu. Wakaleta nyingine. Nikasema moja ni ya mguu, ya kichwa iko wapi. Wakaleta kuku jike, mwembamba, wamemfunga kwa kamba ya mkonge. Hapo nilikuwa kwenye kazi yangu. Nikamgeuza, nikamfunua jicho, nikampapasa kifua, nikanusa mdomo wake.

"Huyu ana kideri."

"Hana kideri," wifi akasema, kuku alikuwa wake. "Ana njaa."

"Basi mlisheni. Nitangoja."

Si wote waliocheka. Mwalimu wa madrasa alisogea akasema, bila kunitazama, kwamba kumchelewesha maiti si jambo jema, na kwamba utani una mipaka, hasa kwa mtu aliyeolewa ndani ya nyumba. Alikuwa na haki kwa yote mawili. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nikifungua mdomo kwa heshima utani ungekufa, na mimi ningetakiwa kunyanyuka.

Mjomba akaja. Akachuchumaa mbele yangu, karibu, mpaka nikaona vumbi la mkeka wa msikitini kwenye paji la uso wake. Akasema kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia:

"Amri hii umepewa na makao makuu, au ni ya tawi?"

"Ya tawi, mjomba. Lakini kibali nilipewa na mwenye nyumba." Nikaonyesha kwa kidevu chumba alichokuwa amelala mama.

Alikitazama chumba. Akasimama, akawageukia wenzake.

"Mtani amefunga njia. Mimi siwezi kumruka mtani, nitaota ndoto mbaya. Tutaswali Alasiri. Tukirudi tukamkuta, tutambeba yeye na kizingiti chake." Kisha kwangu, tena kwa ile sauti ndogo: "Nikirudi, unanyanyuka. Amekuja, hajaja."

"Nitanyanyuka."

Nilidhani hapo nimeshinda. Nilikaa mgongo unauma, nzi wanazunguka nazi zangu, nikimsikia yule kuku akilalamika, nikihesabu barabara kichwani: ametua, ametoka uwanjani, amefika Pugu, amefika Kisarawe. Kisha nikafikiria kwamba hajatua. Kisha nikafikiria mama, ameshavikwa sanda, chumba kina joto, na mimi nimeketi mlangoni kwake nikicheza.

Wifi akaja akasimama juu yangu. Hakuwa analia sasa.

"Nikuulize. Mama tumeshamwosha. Ametulia. Unamweka kwa ajili ya nani?"

"Ya kaka yako."

"Kaka yangu." Akalitafuna neno. "Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha kwa kijiko. Leo mjomba anaulizwa, kaka anasubiriwa, wewe unakaa mlangoni. Mimi nimeulizwa na nani?"

Nilikuwa nimeishi miaka yote ile karibu na mlango ambao mtu mmoja hawezi kuufungua hata awe nani, nikaona ni jambo la busara, nikajivunia kimoyomoyo kwamba mume wangu ni mmoja wa wawili. Na hapa nilikuwa nimefunga mlango wa mama wa watu peke yangu. Niliomba kwa mjomba kwa sababu alikuwa mkubwa. Mwenye ufunguo wa pili nilimpita, nikamwambia kuku wake ana kideri.

"Sikukuuliza," nikasema. "Nimekosa. Ukisema ninyanyuke sasa hivi, nanyanyuka, na mjomba nitamweleza mimi."

Akaiangalia njia. Vidole vyake vilikuwa vinachezea pindo la khanga. Mle ndani mtu alikuwa anasoma Yasini.

"Kazi yake ni mbaya?" akauliza. "Kaka. Anafanya kitu kibaya huko?"

"Hapana. Ni kazi ya haki. Ya haki sana, ndiyo shida yake."

Akavuta pumzi. "Sogea. Unachukua kizingiti chote."

Nikakunja miguu. Akaketi upande wa pili, mgongo wake kwenye fremu ile, miguu yetu ikakutana katikati. Akamchukua kuku akampa punje za mahindi mkononi, na kuku akala kama asiye na ugonjwa wowote.

Wanaume walirudi baada ya Alasiri. Nilimwona mjomba ananitafuta kwa macho tangu mbali, na njia nyuma yake ilikuwa tupu. Nikamtazama wifi, wifi akanitazama mimi, tukanyanyuka pamoja. Nilikuwa nimeahidi. Walimtoa mama juu ya mabega, wakapita pale tulipokuwa tumekaa, na sisi wanawake tukabaki uani, kama ilivyo desturi.

Walikuwa wamepotelea nyuma ya mikorosho tuliposikia pikipiki. Alishuka kabla haijasimama, suruali ya kazini imekuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Hakuuliza kitu. Wifi alinyoosha mkono kuonyesha njia, na kaka yake akakimbia. Nilimvua kile kitambulisho wakati anapita. Sijui kwa nini nilifanya hivyo wakati ule. Nadhani sikutaka aende nacho kaburini kwa mama.

Yaliyotokea huko nimeambiwa. Mjomba alikuwa ameshashuka kaburini kumpokea dada yake. Alipomwona mpwa wake anakuja anahema, alimpa mkono ashuke naye, wakampokea wawili.

Lakini nimeambiwa na jambo jingine, na hili lazima niliandike kwa sababu linanisumbua. Wachimbaji walikutana na jiwe. Kaburi lilikuwa halijakamilika baada ya Adhuhuri. Walimaliza karibu na Alasiri. Kwa hiyo huenda wangengoja tu, hata kama mimi nisingekaa popote. Mjomba alijua? Nimewahi kumwuliza. Alisema, "Kumbe ulitaka nikuharibie ushuru wako?" na hakusema zaidi. Basi sijui kama nilimsaidia mume wangu, au nilimweka mama yake kwenye joto bure, au nilimkosea wifi bure. Kuna siku naamini hili, kuna siku naamini lile.

Usiku wa kwanza wa matanga mjomba alimwuliza mume wangu mbele ya wote: "Kazi gani hiyo?"

"Ya kutunza vitu vya watu, mjomba."

"Na leo umemwachia nani?"

"Watu wawili."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kula. Hakuna aliyeuliza tena. Na hakuna aliyeomba radhi kwa yale ya kichwa kupanda, na wala mume wangu hakungoja waombe.

Sasa yuko hapa, amestaafu, anavuta geti. Ufunguo aliukabidhi mbele ya watu kama inavyotakiwa, na alirudi nyumbani akilalamika mfuko wa suruali umekuwa mwepesi. Marui tunakwenda pamoja na tunalala.

Wifi alikuja Mkuza juzi. Kwa kuwa nilishajifunza, nilimsomea haya yote kabla sijayamaliza, maana na yeye yumo. Alisikiliza akiwa anachambua mchicha. Nilipofika pale aliposema mimi nimeulizwa na nani, aliacha kuchambua, lakini hakusema niondoe. Nilipomaliza nikamwuliza kama anaruhusu.

"Andika," akasema. "Ila na hili uliandike, usiliache. Yule kuku hakuwa na kideri."

Hakuwa nacho. Nilimleta hapa kwenye mfuko wa sandarusi, mwezi uleule akaanza kutaga.